Bamba la Binti Yeftha

Mdogo wangu Tabitha,

Uniwie radhi. Tangu tulipokuzika sijakuandikia hata mstari, mimi niliyekuwa nikikugombeza kwa kuchelewa kujibu barua. Kila ninapoketi kuandika huinuka tena, nikaenda jikoni, nikafungua kabati na kulitazama lile bamba la shaba ulilolichora kwa sindano na tindikali ili kuchapia picha. Kisha nalifunga katika taulo, narudi kitini, na kalamu imekauka.

Fleti yako imerudishwa kwa mwenye nyumba, na vifaa vyako vimehamia kwangu Croydon. Mwanangu Neema ni mjamzito. Ungefurahi. Anataka mtoto wake aione sura aliyokuwa nayo mama yake alipokuwa msichana, na sura hiyo imebaki katika bamba tu, kwa kuwa nakala zote ulizozichapa zilinunuliwa na watu tusiowajua.

Utotoni Neema alikuwa akija kwako Walthamstow kila Jumamosi, unampa maandazi ili atulie umchore. Nilidhani ni picha ya ukumbusho. Kumbe ulikuwa ukimchora binti Yeftha, yule ambaye baba yake aliweka nadhiri kwamba akirudi salama kutoka vitani, atamteketeza awe sadaka yeyote atakayetoka kwanza mlangoni kumlaki. Akatoka mwanawe wa pekee, akicheza na matari, na baba akaitimiza nadhiri yake. Hukuchora kisu wala moto. Uliwafuata wale wachoraji wa zamani wa Ulaya waliochora ndoto: mlango wa nyumba ukaufanya kinywa cha baba, kimeachama, na msichana anatoka katikati ya meno akicheka. Nilikuambia haifai. Ukasema, "Kaka, wewe hata ndoto ungezisahihisha kwa wino mwekundu."

Kisha pale hospitalini ukanishika mkono. "Nikifa, likwaruze lile bamba pembe hadi pembe, lisichapwe tena. Hata nakala moja, Kaka. Kila nikilichapa, mtoto yule anatoka tena mlangoni. Mwache apumzike." Nikaahidi. Unanijua kwa ahadi.

Nilipomweleza Neema, alinijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba katika picha ile msichana hajafa, anacheza. Na kwamba shangazi yake aliyasema yale akiwa amechoka na maumivu. Kisha akahamia Kiswahili, jambo ambalo hulifanya anapotaka neno lifike. "Haya, Baba. Yeftha naye alikuwa mtu wa kutimiza ahadi."

Tangu hapo chai inapoa mbele yangu. Nakukasirikia wewe uliyeniomba. Namkasirikia yeye kwa kusema kweli. Ungekuwapo ningekuuliza jambo moja: ulimhurumia yule msichana wa Biblia, au ulimhurumia Neema? Maana kama ni Neema, mwenyewe ndiye anayeomba. Na kama ni yule mwingine... sijui, Tabitha. Sikuzoea kusema sijui.

Mama mwenye karakana ya uchapaji amenipigia simu: mashine itakuwa wazi Jumamosi hii. Nitapanda tramu, kisha treni, nikiwa na bamba na ile sindano yako nene. Neema amesema atakuja, nami sikumkataza. Sijui kama nitaomba wino kwanza au nitakwaruza kwanza.

Lala salama, mdogo wangu. Nikishaamua nitakuandikia siku hiyohiyo, na nikiwa nimekuvunjia neno nitakuambia waziwazi.

Kaka yako,
Zakaria