Majibu Niliyompa Binti Yangu

Alhamisi, Mau Narok. Ukungu haujaondoka tangu asubuhi, na vidole vimekufa ganzi kwa kuchambua viazi.

Niliachia shule darasa la saba, kwa hivyo mnisamehe. Leo nikinyamaza nitapasuka.

Binti yangu Brenda yuko chuoni Nakuru. Kesho lazima aamue atasomea kazi gani. Chuo kiliwapa maswali ya kuwasaidia kujua kazi inayomfaa kila mmoja, na sehemu fulani hujibiwa na mtu anayemjua mwanafunzi tangu utotoni. Wiki iliyopita alinipigia simu, akanisomea.

Nilikuwa nimeinama juu ya gunia. Anapenda kukaa na watu? Sana. Anaweza kumhudumia mgonjwa? Huyo hachoki! Nilijibu bila kufikiria. Chebet, tunayechambua naye, akacheka.

"Mzee, leo umekuwa profesa wa viazi!"

Nikavimba kichwa.

Leo jioni Brenda amenipigia tena, matokeo yametoka: uuguzi. Nilipiga kelele shamba zima likageuka. "Mama, nilijua!" nikamwambia. "Jina halipotei."

Namwita Mama kwa sababu amerithi jina la marehemu mama yangu, Nafula.

Brenda akasema, "Baba, mimi nikiona damu naanguka. Watu wengi wananichosha. Huyo uliyemjibia ni nyanya."

Ni kweli.

Mama yangu ndiye aliyezalisha wanawake wa kijiji chetu huko Bungoma. Kwetu mtoto akipewa jina, tunangoja tabia zifuate. Nilizingojea nikiwa huku mbali, nikadhani zimeshafika.

Nilipokuja huku kutafuta kazi, nilimwacha Brenda akiwa na pengo la meno ya utoto. Krismasi nikienda nyumbani ananiandalia chakula, ananyamaza. Nilidhani ni heshima.

"Basi niambie, unapenda nini?"

"Sijui, Baba. Ndiyo maana nilikuuliza."

Nimekaa hapa kitandani nikitafuta kitu kimoja anachopenda binti yangu. Nimepata ukoko wa ugali. Alikuwa akiukwangua sufuriani mpaka mama yake anafoka. Je, hiyo ni kazi ya kusomea?

Huko chuoni wanasema atachagua mwenyewe. Atachagua vipi, kama nusu ya majibu aliyonayo ni ya marehemu?

Alfajiri nitampigia kabla ya kwenda shambani. Sina ushauri. Ila sitamwita Mama.

Nitamwita Brenda. Baada ya hapo sijui.