Mkate Nisioruhusiwa Kuula

Palma, Jumatatu

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Miguu je, bado inavimba? Na korosho mmemaliza kuokota, au ngedere wamewatangulia? Mimi mwili mzima, ila moyo hautulii. Barua hii nimeichana mara mbili kabla ya kuianza upya.

Kazi ya kuoka inaendelea. Mikate mingi inakwenda kambi ya watu wa gesi, mingine sokoni. Mikono imekuwa migumu utadhani yako.

Sasa neno lenyewe. Tulipatana kwamba kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, wewe huko Newala na mimi huku ng'ambo ya mpaka, tutapokea Ushirika siku moja, kama tulivyopiga magoti bega kwa bega tangu baba afariki. Nilipofika nikaingia kanisa la Wakatoliki. Mama, nilijiona niko nyumbani! Ubani, kengele, altare, hata nyimbo nyingine nazijua. Nikapanga mstari, nikapokea. Kikombe tu sikukiona kikizunguka, nikadhani divai imewaishia.

Mwezi wa pili, baada ya Misa, katekista akaniuliza nani alinifundisha. Nikamjibu kwa maringo, "Mke wa padri wetu, kule Newala."

Akasimama na funguo mkononi. "Mke wa nani, mana?" Huku ndivyo wanavyomwita dada.

"Wa padri. Wana watoto wanne."

Alicheka, kisha akaacha. Hakunifokea. Alinieleza taratibu kwamba kwao kupokea pamoja ni kukiri kuwa mmekwisha kuwa kanisa moja, na sisi Waanglikana bado. "Desculpa, mana, samahani. Njoo mbele, funga mikono kifuani, padri atakubariki." Nikamwambia sikutoka Newala kufuata baraka ya watoto wadogo. Nilikuwa na hasira, na aibu zaidi ya hasira.

Nikahamia kwa Wapentekoste, nyuma ya soko. Wao hawana altare, wana meza na kitambaa cheupe. Hupitisha vikombe vidogo vya maji ya zabibu, na husema ni ukumbusho. Mkate wananunua kwetu, na Jumapili hiyo niliubeba mwenyewe. Sahani ilipofika kwangu, mkate nilioukanda kwa mikono hii, mchungaji, aliyekwisha kuniuliza habari za ubatizo wangu, akaufunika kwa kiganja.

"Dada, wewe ulibatizwa ukiwa mchanga. Uzamishwe kwanza kwenye maji mengi, halafu utakula."

Nikikubali hilo, nitakuwa nimesema wewe na baba mlinilowesha kichwa tu. Sikuweza, mama.

Bi Zainabu, mwenye nyumba wangu, alinikuta uani nimenuna. Yeye Mwislamu, nikamsimulia yote. "Haya, Isa wenu si mmoja? Mbona nyumba zake hazifunguliani milango?" Nikachukua mbuzi nikamkunia nazi.

Tangu hapo sina pa kukaa. Jumapili moja niko benchi la nyuma kwa Wakatoliki, nyingine nazunguka barabarani mpaka watu watoke ibadani. Na uliponipigia simu ukaniuliza, nilisema, "Nimepokea, mama." Nilikudanganya. Jumapili za kwanza za miezi mitatu iliyopita ulipokea peke yako, nami nilikuacha uamini tuko wawili. Nisamehe. Hilo ndilo linaloninyima raha kuliko katekista na mchungaji wote.

Ruhusa ya kuja nimeomba, nimeambiwa ningoje. Basi mwezi ujao nitapanga mstari kwa Wakatoliki, mikono nimeifunga kifuani kama mtoto. Nimemeza kiburi.

Nisalimie kaka Yohana na mkewe, na shangazi msusi wa mikeka. Mke wa padri mwambie mafundisho yake nimeyashika, ila yeye mwenyewe ndiye aliyeniponza.

Na wewe Jumapili hiyo, ukipiga magoti pale mbele ya altare, mtu akitaka kusogea upande wako wa kulia, mwambie pana mwenyewe.

Ni mimi mwanao,
Agnesi