Vitanzi vya Ugoro

Jumatatu.

Ptuu! Kinyaa bado kimenikaa kooni. Tunafuma kofia ya mtoto mchanga wa dada, wa kubatizwa Jumapili, halafu Bibi anaanza vitanzi vya kwanza kwa kulamba vidole vyenye ugoro, eti uzi usiteleze! Uzi mweupe ukawa kahawia.

Nikampokonya sindano. "Bibi, fundi ni mimi, kaa uone."

Nikaanza vitanzi vyangu, nikivikaza kama nafunga mbuzi. Mstari wa pili sindano ikagoma kupenya. Nikalazimisha, uzi ukakatika.

Bibi akacheka mpaka akapiga chafya. "Haya fundi, lete. Mtoto apigwe na baridi kwa majivuno yako?"

Baridi ya huku kwetu Kitanga si mchezo. Nikamrudishia. Akalamba, akaanza upya, nikageuka nisitapike.

Jioni akaniachia niendelee. Uzi ukateleza, nikashtukia kidole changu kiko mdomoni. Ulimi ukaonja ugoro mtupu.