Jicho la Kushoto la Baba

Córdoba, mwezi wa sita, baridi imeshaingia

Dada Delfina mpenzi,

Pokea salamu zangu kabla hujakunja uso. Hujambo wewe? Shemeji Ruben na watoto hawajambo? Na upepo wa huko kusini, umewaachia paa mwaka huu? Mimi mwili ni mzima. Mengine nayaandika, maana kwa simu nimejaribu, ukipokea una kazi, unakata.

Nyumba imekuwa kubwa, dada. Asubuhi nachemsha maji, natia majani ya yerba kibuyuni, nanyonya zamu yangu kwa mrija, kisha mkono unakinyoosha kibuyu kuelekea kiti cha Baba. Hakuna wa kupokea. Nanyonya na zamu yake. Upweke unaniuma, nakwambia bila aibu.

Unajua Baba aliandikisha kwamba akifa, macho yake yaje maabara kwetu kuchunguzwa. Alikuwa akiwaambia watu kwamba nimemla akiwa hai, basi nimalizie na maiti. Mkuu wangu alinishauri kazi hiyo nimwachie mwenzangu. Nikakataa. Macho ya baba yangu yashikwe na mtu anayesikiliza mpira redioni?

Kazi yangu hukuwahi kuwa na subira nayo, lakini leo nivumilie. Mtu akitolewa mtoto wa jicho, huwekewa lenzi ya plastiki. Jicho likishaguswa na kisu, protini za damu huvujia ndani na kuigandama ile plastiki. Zipo zenye tabia ya gundi. Plastiki ikizikubali, lenzi hushikana na kifuko chake kama ukoko na sufuria, hapapiti kitu. Isipozikubali, nyuma hubaki upenyo, chembe hai za jicho zikatambaa humo na kuweka ukungu. Tiba yake ni miale ya leza, dakika chache tu, mtu anarudi nyumbani kwa miguu yake.

Jicho la kulia lilikuwa safi. La kushoto, lile alilowekewa lenzi, lilikuwa limeziba, gundi haba, ukungu mzito wa miaka. Baba alikuwa haoni kushoto, dada, na mimi niliyelala chumba cha pili sikujua.

Hapo nikamkumbuka mzee Evaristo, mwenzake wa karata, ambaye walikuwa hawasalimiani tangu mwaka juzi. Jumapili nikamfuata klabuni kumwuliza waligombania nini. Mzee akafura. Akasema walikuwa wanacheza truco, watu sita mezani, yeye timu moja na Baba, amekaa upande wake wa kushoto. Mchezo wenyewe unaujua, mwenzako anakupa ishara kwa uso, upesi, wapinzani wasione. "Nauma mdomo kumwambia nina tatu, karata ya nguvu," akasema, "nauma nusura nijitoe damu, baba yako kanikodolea kama ukuta, halafu anaitupa karata nzuri! Nikamwambia mbele za watu, wewe Anselmo umeuza mchezo. Alichukua kofia yake akaondoka." Nikamweleza nilichokiona maabara. Akauliza kwa nini mjinga yule hakusema. Akajijibu mwenyewe: angesemaje, na kila aliyeingia klabuni alivutwa mkono aonyeshwe jicho la kushoto, kwamba plastiki ile kaichagua Zulema, binti yake wa maabara?

Ni kweli, niliichagua mimi. Kwenye vyombo vya kioo ilifanya vizuri kabisa, na kwa wagonjwa wengi imefanya vizuri. Ndani ya Baba ikakataa. Naye akafunga mdomo nisije nikaaibika, wakati tiba ningempatia kwa kupiga simu moja. Nimelia, dada. Nina hasira naye na nimelia.

Sasa nifike kwako, maana ndiko nilikokuwa naogopa kufika. Usiku wa kuamkia safari yenu ya kusini wewe na Baba mligombana kwa sababu ya Ruben, na asubuhi tukawasindikiza kituo cha mabasi. Mara zote umeniambia jambo lile lile, kwamba wewe ndiye uliyejishusha, ukampungia mkono kutoka dirishani, yuko hatua chache, naye akageuza uso. Kwamba baba wa namna hiyo hana haja na simu yako. Hata mazikoni hukuja, na mimi nikakutetea kwa majirani.

Nilikuwapo, Delfina. Basi lenu lilikuwa kushoto kwake. Aligeuza uso, ndiyo, kwa sababu alikuwa anakutafuta upande anaouona, kwa jicho alilobaki nalo.

Na kuna neno nililokuficha, nikidhani nitatia kuni motoni. Tulipofika nyumbani siku ile alikaa jikoni, koti hakulivua, akasema, "Delfina kaondoka, hata mkono hakunipungia." Alilisema tena wiki aliyokufa. Alikuwa akiangalia simu, akaniuliza kama nadhani umeshamsamehe.

Nisalimie watoto, kila mmoja kwa jina lake. Shemeji naye mpe salamu za heri, mwambie sina kinyongo. Usinijibu kwa simu, dada, utakata tena na mimi sitaweza. Panda basi uje.

Ni mimi mdogo wako,
Zulema