Bure, Mita na Mbea

Jumatatu, 3 Machi

Nimechoka! Leo mteja kaja dukani kafura. Wiki jana alinunua cherehani kwetu, tukampa linki ya video zangu za mafunzo. Kaenda kwake kafungua. Kabla sijatokea mimi, katokea yule mzee wa duka la ng'ambo ya barabara, mpinzani wetu, anatangaza cherehani zake. Kwenye video yangu! Na nikimaliza kufundisha, mtandao unamwambia mtu "tazama na hii" — duka la yule yule. Nafundisha mimi, anauza yeye.

Shemeji kasema hiyo ndiyo shida ya mtandao wa bure. Duka ni lake na dada yangu, mimi mwalimu tu. Kaniambia nitafute mitandao ya kulipia, ile ya biashara, nilinganishe, nimletee jibu moja. Nikamwambia mimi fundi, si mtu wa kompyuta.

"Shem, si wewe unayelalamika? Basi tafuta."

Sawa. Binti yangu angenielekeza haya yote huku anachana nywele. Lakini binti yangu hapokei simu. Tangu siku ya lile gauni aliloshona. Nililifumua mbele ya mteja kwa sababu mshono ulikuwa umepinda. Umepinda ni umepinda! Akaweka mkasi mezani, akasema hashiki cherehani tena maishani mwake, akahamia mji mwingine. Mpaka leo kanuna. Shauri yake.

Jumatano, 5 Machi

Nimeipa mitandao hiyo majina, maana majina yake yenyewe hayatamkiki.

Bure ni huyu wa sasa. Nimemwandikia malalamiko. Nimejibiwa na mashine! "Asante kwa maoni yako." Maoni gani? Nanyang'anywa wateja mchana kweupe, hayo ni maoni?

Mita hana matangazo. Picha safi, inafunguka hata intaneti ikisuasua. Ila unalipia kila video ikitazamwa, kama mita ya maji. Yaani ukipendwa ndiyo unafilisika! Nani aliketi akawaza hivi?

Mbea ni wa bei moja kila mwezi. Na bei yenyewe, mama yangu wee! Naye hana matangazo. Lakini mtazamaji lazima aandike jina kwanza, halafu sisi wenye duka tunaambiwa nani katazama, karudia wapi, kaachia wapi. Umbea mtupu. Mtu kanunua cherehani, unamchungulia mpaka sebuleni kwake? Na ukiacha kulipa, wanazifungia video zako. Jasho langu, kufuli lao.

Nimemwambia shemeji: Mita. Kasema tujaribu Mbea kwanza, siku za majaribio hawatozi. Kazihamishia video zote huko, na kule kwa Bure kaacha maandishi: tumehama, bonyeza hapa. Sasa kwa nini alinituma kutafuta?

Ijumaa, 7 Machi

Nimetukanwa na mchoro!

Shemeji kaniita ofisini, yaani kwenye meza iliyo nyuma ya maboksi. Kanionyesha mstari kwenye skrini. Mwanzo wa kila video uko chini, chini kabisa, halafu ghafla unapanda. Nikauliza, ni nini? Kasema watu wanaruka salamu zako, shem. Wanakwenda moja kwa moja kwenye kushona.

Salamu zangu! Nasema: Hamjambo wanangu. Mmeamkaje? Mmekula? Asiyekula akale kwanza, video haikimbii. Kuna ubaya gani hapo? Mtu unaingia kwa watu unaanza na "pitisha uzi kwenye sindano"? Hata mdai akija kudai anapiga hodi kwanza!

Shemeji anasema dunia imebadilika, watu wana haraka. Haraka gani? Watashona mikono kwenye shingo, watanikumbuka. Anataka salamu zikatwe zote. Nikamwambia zikikatwa salamu na mimi nimekatwa, atafute mwalimu mwingine. Dada akacheka huko kwenye droo ya pesa. "Hasira hasara, mdogo wangu."

Jumamosi, 8 Machi

Nilimfungua Mbea asubuhi ili nimwonyeshe shemeji kwamba mstari wake ni mwongo. Nikashuka kwenye majina ya watazamaji. Wengi wanaruka salamu, kweli. Wasio na adabu, nimewajua kwa majina.

Ila kuna mmoja anafanya kinyume. Anafungua, anasikiliza salamu, nikisema "sasa shika kitambaa" anafunga. Kesho yake tena. Salamu, anafunga. Kushona hajawahi kutazama hata mara moja.

Jina kaandika Sindano.

Sindano ni binti yangu! Nilimwita hivyo kwa wembamba wake tangu yuko darasa la kwanza, na hakuna mwingine aliyemwita hivyo. Mimi tu.

Nimeweka chini kipanya cha kompyuta.

Halafu nikapandwa na hasira. Simu zangu hapokei! Ujumbe anasoma, hajibu! Halafu kila asubuhi anakuja mlango wa nyuma kuchota salamu zangu na kuondoka? Nauliza "mmekula?" ananisikiliza tu, hajibu! Wahenga walisema barua ni nusu ya kuonana. Hii yake ni robo ya nini?

Jumatatu, 10 Machi

Leo kachota tena. Nilikuwa nimekaa namngojea, nimejifanya nafuta vumbi kwenye kibodi. Jina likatokea. Sindano. Salamu. Akafunga.

Nimemwambia dada. Kasema nimpigie, niseme pole ya lile gauni, yaishe. Pole! Mshono ulikuwa umepinda! Dada kasema, "Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole," akarudi kuhesabu chenji.

Mpigie mpigie. Nimempigia mara ngapi? Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na dada huyu naye ni mzazi, lakini wanawe wanapokea simu.

Jumanne, 11 Machi

Siku ya kutoa jibu. Nimesema: Mbea.

Shemeji kashangaa. "Wiki iliyopita si ulisema Mita? Si ulisema huyu ni mchunguliaji?"

Nikasema nimelinganisha vizuri. Bure anawapeleka wateja ng'ambo ya barabara. Mita atatufilisi. Mbea ghali, ndiyo, lakini unajua nani yuko na wewe na nani hayuko. Biashara lazima ijue watu wake. Nimeongea mpaka nimejisikia mtaalamu. Dada alikuwa ananiangalia tu, mdomo kaubana.

Shemeji kafurahi, kalipa hapo hapo. Mwaka mzima! Halafu kasema: "Kwa kuwa sasa unamwamini Mbea, shem, basi na mstari wake tuufuate. Salamu nazikata leo."

Nimejifunga kamba mwenyewe. Nimebisha, nimepiga meza, nimemwita majina ambayo shemeji hapaswi kuitwa. Kasema duka ni lake. Na ni lake kweli! Hapo ndipo hasira yote ilipo. Nikisema kwa nini nazitaka salamu, nitalia, na mbele ya yule bwana silii.

Kazikata mwenyewe, kwa simu yake, huku anapiga mluzi.

Alhamisi, 13 Machi

Asubuhi Sindano kafungua video ya kwanza. Kafunga. Kafungua ya pili. Kafunga. Ya tatu. Ya vifungo. Ya zipu. Ya makoti. Kazipitia zote, moja moja, mpaka ya mwisho, kisha karudi ya kwanza. Nilikuwa naangalia jina linaruka kwenye skrini na siwezi kufanya kitu. Nimemwambia shemeji, ulizikata huku unapiga mluzi, sasa mtoto wangu anazitafuta! Hakuelewa hata neno.

Sasa hivi simu ya duka imeita. Dada kapokea, kasikiliza, kisha kafunika simu kwa kiganja. Anasema kuna mteja analalamika. Video zimeharibiwa, zimekatwa mwanzo, huu ni wizi, anataka kuongea na mwalimu mwenyewe, sasa hivi. "Ana hasira huyo! Sijui hasira hizo kazitoa wapi." Macho ya dada yanacheka na yana maji.

Hasira! Yeye ndiye mwenye hasira!

Nimemwambia amwambie asubiri, naandika. Mimi nimesubiri kiasi gani? Na nikishika hiyo simu sisemi kitu mpaka niamkiwe. Mdogo ndiye anayeamkia mkubwa. Nimemfundisha mwenyewe.

Nimeishika. Simu mkono huu, kalamu mkono huu. Kimya. Anapumua. Dada ananipungia mikono: sema! Sisemi.

Nyuma yake kuna cherehani inakwenda. Karibu kabisa. Wenzake wa kazi hao, kuna mtu anamuuliza kuhusu kola. Kumbe alishika cherehani tena! Alishika tena, hakuniambia!

Hiyo cherehani haijatiwa mafuta, naisikia mpaka huku. Nimeuma ulimi. Sitasema kuhusu mafuta. Sitasema. Salamu kwanza —