Mlingoti wa Jumamosi

Jumamosi, 17 Aprili

Tumefungwa kwenye mpira wa kikapu. Tena kwetu Chang'ombe, mbele ya kiwanda kizima cha sabuni. Tena kwa sababu ya mtu mmoja.

Elia. Mrefu kuliko mlango wowote wa kiwanda, na leo kazi yake ilikuwa kusimama. Mpira unagonga ringi, unashuka pembeni yake, yeye anautazama tu. Hakuruka hata mara moja. Mikono kiunoni mechi nzima. Mashabiki wameshampa jina, Mlingoti. "Mlingoti, tukutundikie bendera?" Watu wanaangua kicheko. Mie sicheki. Mie ndiye kepteni, na nikirudi Keko majirani wananiuliza mie.

Mechi ikiisha huwaga tunapewa soda. Elia kaikataa yake. Jumatano iliyopita alikunywa mbili. Kajifuta uso (hana jasho, anajifuta nini?), kaondoka kwa miguu.

Simwelewi. Na mtu nisiyemwelewa simpendi.

Jumatano, 21 Aprili

Tumeshinda. Elia kacheza kama mwehu. Kila mpira uliopanda juu ulishukia mikononi mwake. Kapigwa kiwiko cha mdomo, katema damu, karudi. Mwisho kanikumbatia, jasho lake lote likanihamia mie. Kanywa Fanta yake, akanywa na yangu.

Huyu ndiye yule yule wa Jumamosi?

Nimekaa kibarazani nawaza. Jumamosi watu wanajaa. Watu wakijaa, wenye kuwekeana dau nao wanakuja, nawajua, wanasimama kule kwenye ukuta wa choo. Jumatano hakuna mtu, ni sie na mama ntilie. Sasa mtu anayejituma Jumatano akalala Jumamosi, huyo kalipwa na nani?

Sijamwambia mtu. Naandika tu.

Jumamosi, 24 Aprili

Vile vile! Tumecheza na timu ya kiwanda cha nondo, tumefungwa kama watoto. Kocha kapiga kelele mpaka sauti imekauka. Elia kasimama. Nikampa pasi ya wazi, chini kabisa ya ringi, angeweza kuutumbukiza hata akiwa anapiga miayo. Kanirudishia mpira. Kanirudishia! Watu wakaanza kumrushia maganda ya machungwa. Moja likamkaa begani, hakulitoa.

Mechi ilipoisha yule mrefu wao, Yeremia, akamfuata moja kwa moja. Wakashikana mikono muda mrefu. Mpinzani anampa pole ya nini? Wakanong'ona. Nilipowasogelea wakanyamaza.

Kisha kikao. Kocha katueleza ukweli bila kuuzungusha. Serikali inakiuza kiwanda. Mnunuzi mwenyewe atakuja kututazama Mei Mosi. Sie tuliajiriwa kwa ajili ya mpira, kila mtu anajua. Mie jina langu liko bohari, lakini nikiambiwa nihesabu madumu nitapotea. Mnunuzi akituona mzigo, tunapunguzwa wote. Zuhura ana mimba ya miezi saba na mie sina ufundi mwingine wowote duniani.

Kocha akamalizia: "Na sitaki udhuru. Harusi, matanga, msikiti, kanisa, mwenye hayo akachezee huko huko." Nikamwangalia Elia. Alikuwa anaangalia viatu vyake.

Jumapili, 25 Aprili

Asubuhi nilipita kwa Elia, Yombo. Nilijifanya napita tu. Nimemkuta uani anafua, mapovu mpaka kwenye viwiko. Nikaona ajabu. Mkristo gani anafua Jumapili asubuhi, wenzake wote wako kanisani? Nikamuuliza leo unatoka? Kasema labda baadaye. Nikamuuliza wapi? Kasema mjini mjini tu. Mtu mwenye safari ya halali hujibu hivyo?

Alasiri nikaenda Ubungo kumpokea shemeji, anatoka Morogoro. Nani namwona? Elia. Na Yeremia. Wamesimama nyuma ya basi bovu, vichwa wameinamisha, wameshikana mikono. Yeremia ananong'ona, Elia anaitikia kwa kichwa. Nikajibanza nyuma ya muuza mikate. Moyo unanidunda kama mwizi ni mie. Wanakubaliana jambo, hilo halina ubishi. Kiapo kabisa.

Shemeji akashuka, kuku mkononi, ikabidi tuondoke. Njia nzima ananihadithia habari za Morogoro, sikusikia hata moja.

Jumatano, 28 Aprili

Mvua. Hakuna mechi. Uwanja umegeuka bwawa. Elia alikuja akakaa nami bohari, akaniuliza hali ya Zuhura, kama anakula vizuri. Nikamjibu kwa mkato. Kaniuliza, "Kaka, kuna kitu?" Nikasema hakuna.

Unafiki wa nini. Ananiulizia mke wangu huku anauza mkate wetu.

Ijumaa, 30 Aprili

Afisa Utumishi kaniita ofisini. Kanikaribisha kiti, jambo ambalo halijatokea tangu niajiriwe. Kasema mnunuzi yuko tayari kuibakiza timu ila si watu wote. Anataka mchezaji mmoja aondoke kwanza, iwe funzo. "Wewe ndiye kepteni. Nani anaturudisha nyuma?"

Sikufikiri. Nilitaja jina kabla hajafunga mdomo. Nikaongeza kwamba anauza mechi, nimemwona kwa macho yangu Ubungo na mtu wa nondo.

Kasema asante, nenda kasali. Nikaenda nikasali Ijumaa. Nimetoka msikitini mwepesi. Naandika hivi ili nikumbuke kwamba nilikuwa na haki.

Jumamosi, 1 Mei

Sijui nianzie wapi.

Asubuhi maandamano, mabango, tumetembea na fulana za kiwanda. Mechi saa kumi, na walewale wa nondo. Mnunuzi kakaa kwenye kiti cha mkutano chini ya turubai. Kabla hatujaanza mvua ikamwagika. Kila mtu akakimbilia ukutani. Ilipokatika, mafundi seremala wa Keko wakaleta magunia ya unga wa mbao, tukaumwaga uwanjani, tukafagia, tukamwaga tena. Tukaanza saa kumi na moja na nusu.

Elia mlingoti. Kama kawaida yake. Nikasema moyoni, simama baba, Jumatatu utasimamia kwenu. Kipindi cha kwanza tukaachwa mbali. Mnunuzi akatazama saa, akanyanyuka nusu. Nikajua timu imekufa na mie nimekufa nayo.

Kipindi cha pili, giza linaanza kuingia, ikapigwa adhana ya magharibi. Mie naijibu kimoyomoyo, ndivyo nilivyolelewa. Nikiwa naijibu nikamwona Elia. Kaangalia juu, upande wa machweo, pale palipokuwa pekundu juu ya bati za kiwanda. Kaangalia kama mtu anayehakikisha. Halafu kageuka, kanyoosha mikono yote miwili, kaniambia kwa sauti, "Nipe!"

Tangu ligi ianze hajawahi kuuomba mpira Jumamosi. Nikampa bila kujua kwa nini.

Yaliyofuata Temeke watayasimulia miaka. Taa mbili tu ndizo zilizowaka, na chini yake huyu mtu anaruka, anadaka, anatumbukiza, unga wa mbao unatimka miguuni. Yeremia anamzuia huku anatabasamu! Naye kawa mwingine kabisa, na kipindi cha kwanza, sasa ndipo nakumbuka, naye alikuwa amelegea. Wakaumana kama simba. Tukashinda kwa kikapu kimoja. Mnunuzi alipiga makofi amesimama. Watu wakambeba Elia, wanaimba "Mlingoti! Mlingoti!", na safari hii si kwa kebehi.

Nikamkuta bombani ananawa. Nikamuuliza, wewe magharibi ulipatwa na nini?

"Jua limezama, kaka. Sabato imekwisha."

Msabato. Elia ni Mpare, na mie nilidhani Wapare wote ni Walutheri! Kanieleza huku anasugua miguu. Krismasi alipokwenda Same mama yake alikuwa hoi kitandani, akamwahidi kwamba hatafanya kazi tena siku ya Sabato. Na kazi yake ni nini? Mpira. Akimwomba kocha ruhusa anafukuzwa. Asipokuja anafukuzwa. Basi akaona aje, avae jezi, asimame, lakini asiufanyie mpira kazi. Asitoe jasho. Hata soda haichukui kwa sababu soda ni ujira. "Nilidhani ni njia ya katikati," kasema. "Mungu sijui kama kaikubali. Mashabiki ndio wameikataa."

Na Yeremia? Wa kanisa moja. Na Ubungo? Walikuwa wanamsubiri mama yake, analetwa hospitali, basi limechelewa, wakawa wanamwombea afike salama.

Wallahi nilitaka ardhi inimeze. Nikamwambia umecheza vizuri. Hilo tu ndilo nililoweza.

Jumatatu, 3 Mei

Nimefika kwa Afisa Utumishi kabla hajafungua dirisha. Nimemwambia nilikosea, mtu hauzi mechi, ni mambo ya dini. Kasema barua imeshasainiwa. Nikamwambia mnunuzi mwenyewe alimpigia makofi. Kasema mnunuzi hajui majina, anajua idadi. Halafu kacheka kidogo. "Msabato? Basi afadhali. Zamu mpya zina Jumamosi."

Nimemsihi. Nimefika kumwambia anitoe mie. Hapana, hiyo si kweli. Nilifungua mdomo niseme hivyo, nikamkumbuka Zuhura, nikaufunga.

Elia kaleta jezi bohari, kaifua, kaikunja vizuri. Hakuuliza nani kamtaja. Kaniambia nimsalimie Zuhura, shemeji yake. Mie mwoga. Naliandika ili lisomeke: mie mwoga.

Jumamosi, 8 Mei

Adhuhuri nimekwenda Yombo. Niliapa njiani kwamba nitamwambia.

Wamerudi kanisani, bado wamevaa nguo nzuri. Mama yake ana umbo dogo, kafunga kitenge kifuani, anatembea ameshika ukuta. Nikamwamkia, shikamoo mama. Marahaba mwanangu, kaa ule. Jiko halikuwashwa. Chakula kilipikwa jana kabla ya jua kuzama, wali na maharage, vimepoa kabisa. Kanipakulia sahani imejaa.

Tukiwa tunakula akanishika mkono. "Wewe ndiye kepteni? Elia kanieleza. Kasema wewe ndiye uliyekwenda ofisini ukasema kwa ajili yake, ndiyo maana sasa Jumamosi yuko huru. Nakuombea kila siku."

Nikamtazama Elia. Elia alikuwa anatazama sahani yake. Hakuinua uso. Kwa hiyo anajua. Anajua yote, na hivyo ndivyo alivyomwambia mama yake.

Nilisema amina. Nikala. Mama akaniongezea, nikala tena.

Elia kanisindikiza mpaka barabarani. Nilifungua mdomo, yeye akawahi. "Una mechi saa kumi, kaka. Usichelewe."

Nimecheza, kama ni kucheza. Miguu haikutaka. Mpira ulipita pembeni yangu mara nyingi nikautazama tu. Kipindi cha pili wakaanza kuniita Mlingoti. Soda nimeiacha kwenye kreti.

Zuhura alitaka kunipashia chakula. Nimemwambia aache, nitakula hivyo hivyo.