Akko Alifika Kabla ya Ndege

Jumanne, jioni. Upepo wa vumbi umetulia. Mimi bado.

Nyanya yangu, Akko kama tunavyomwita sisi Waborana, amerudi leo kutoka Nairobi alikofanyiwa upasuaji wa jicho. Lile lingine lilikufa miaka mingi iliyopita, kwa hivyo na hii bandeji sasa haoni chochote. Daktari hakutaka akae kwa gari siku nzima akitikisika, ndipo kaka yangu Galgalo akamkatia tiketi ya ndege. Akko hakuwa amewahi kupanda ndege maishani.

Jana alinipigia simu kuniuliza ni mbali kiasi gani. Nikamwambia barabara inazunguka sana, lakini ndege inakata moja kwa moja, kama kilomita mia mbili hivi, na saa moja haiishi kabla haijatua Isiolo. Akasema mtu hafai kufika upesi hivyo.

Nilicheka.

Leo mchana Galgalo aliniandikia kwamba yeye na Akko wameshaketi ndani ya ndege na anazima simu. Nikabandika maziwa ya chai. Hayakuwa yamechemka niliposikia "Salaam aleikum" langoni, sauti ya Akko kabisa, vile anavyovuta mwisho. Mama naye alisikia, maana aliitikia akiwa chumbani. Nikatoka mbio, sufuria mkononi.

Hakukuwa na mtu. Mbuzi wetu walikuwa wamesimama kimya, wote wakitazama lango.

Mama, aliyenifuata nje, alirudi ndani akatandika mswala. Najua alichofikiria, kwa sababu mimi pia nilifikiria hivyo hivyo.

Ndege imeanguka.

Nilimpigia Galgalo tena na tena. Simu imezimwa. Hapa mtaani Kiwanjani, kando ya uwanja wa ndege wa Isiolo, ndege hupita juu ya mabati yetu mpaka tumezoea, lakini sijawahi kungoja mngurumo wake kama nilivyoungoja leo.

Ulikuja. Tukaenda uwanjani karibu tukikimbia.

Akko alishuka ngazi polepole, Galgalo amemshika mkono. Mama alimkumbatia akilia. Mimi nilipomsalimu aliung'ang'ania mkono wangu, akaniuliza kwa upole, kama mtu aliyeumia kidogo tu:

"Mbona ulitoka na sufuria, ukanitazama, halafu ukarudi ndani?"

 Galgalo alinivuta kando ili Akko asisikie, akaniambia kwamba nyanya alilala mara tu ndege ilipoanza kusogea. Alimwita, akamtikisa, hakuamka mpaka magurudumu yalipogusa lami ya Isiolo. Njia nzima alikuwa ameshika kiganja chake, na kilikuwa baridi.

Sasa Akko amelala kitandani mwangu. Nimekuwa nikienda kusikiliza kama anapumua. Anapumua vizuri.

Kesho Galgalo anarudi kazini Nairobi, na tiketi ya ndege anayo tayari. Nimemwomba apande basi.

Amekubali bila kuniuliza sababu.